NJIA YA NAMANGA ILIFUNGULIWA KWA BEI GANI?

Mtu wa Kakesio hana haja ya kufunguliwa kitabu ili aambiwe mpaka ni kitu gani. Kijiji chake kiko pembeni mwa Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa kusini-magharibi. Akitazama machweo aona pori la akiba la Maswa. Akigeuka kaskazini ziko nyika za Serengeti, ambazo Wamasai waliondolewa mwaka 1959, serikali ya Kiingereza ilipoigawa nchi ile mafungu mawili, moja la wanyama peke yao na moja la wanyama pamoja na watu. Toka siku hiyo mchungaji ajua kwamba ng'ombe akisimama upande huu wa mti ni halali, na akisimama upande wa pili ni kosa, tena kosa lenye faini. Hakuna amwulizaye kama alikusudia. Mbuzi hawajui kusoma bango, lakini mwenye mbuzi hutozwa kana kwamba wajua.

Wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, ukiifuata kaskazini kupita Olduvai hata Loliondo, huishia katika mpaka wa Kenya. Huo nao ni mstari tu. Waliupatana Waingereza na Wajerumani huko Ulaya mwaka 1886, ukatoka pwani, ukaizunguka Kilimanjaro, ukaenda hadi Ziwa Victoria, ukawaacha Wamasai nusu huku na nusu kule. Mwaka 1964, mjini Cairo, nchi huru za Afrika ziliazimia kuiheshimu mipaka hiyo waliyoikuta, na miongoni mwa waliolipigania azimio lile alikuwa Mwalimu Nyerere. Sisi twaliunga mkono hata leo, maana Afrika ingekuwa imechimba makaburi mengi zaidi kama kila kabila lingeanza kupima upya.

Lakini maadam mpaka ni amri kwa mwenye mbuzi, yatupasa kuuliza habari ya mwingine. Mtumishi wa serikali, mwenye nguo za serikali na silaha za serikali, akiuvuka mpaka huo bila ruhusa, nani hutozwa? Afrika Mashariki imejibu swali hili zaidi ya mara moja, na majibu yake hayafanani.

Tuanze na kisa kilichokwisha vizuri. Mwezi Mei 1965 malori 11, yenye silaha za Kichina uzito wake yapata tani 75, yalitoka Tanzania yakaingia Kenya kwa upande wa Nyanza ya Kusini, yakielekea Uganda. Yalikuwa yakisindikizwa na askari wa jeshi la Uganda. Serikali ya Kenya haikuombwa ruhusa. Polisi wakayazuia, na askari wale wakatiwa ndani. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya: Kongo ilikuwa ikiwaka moto, na mwezi mmoja tu kabla ya hapo Kenya ilikuwa imekataa shehena ya silaha za Kirusi iliyofika Mombasa. Mzee Kenyatta alinena kwa ukali, na alikuwa na haki ya kunena.

Je, Milton Obote, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda, alifanya nini? Hakutafuta karani wa kumtwisha lawama. Alikwenda Kenya, akaukubali mzigo kuwa wake, akaomba radhi. Baada ya siku chache askari wakaachiliwa na silaha zikarudishwa. Obote alikuwa na makosa yake mengi, na historia imeyaandika, lakini katika jambo hili alitenda kiungwana, akazima moto ukiwa bado njiti. (Malori hayo, tukumbuke, hayakushuka kutoka mbinguni, yalipita katika barabara zetu, na Tanzania nayo ilikuwa na la kueleza.)

Kisa cha pili ndicho kilichotufanya tuandike. Ili kieleweke hatuna budi kurudi mwaka 1977.

Mwezi Februari mwaka ule Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limekwisha kusambaratika, na Kenya ikaanzisha shirika lake yenyewe. Tanzania ikaufunga mpaka. Magari ya watalii yenye namba za Kenya yaliyokutwa upande wetu yakazuiwa, na ndege ndogo vile vile. Kufika katikati ya mwaka Jumuiya yenyewe ikawa imekufa: reli, bandari, posta, simu, vyote vikawa mali ya marehemu inayogombewa na warithi watatu.

Wako waliofurahi, Nairobi na Dar es Salaam pia. Lakini mji wa Namanga umejengwa juu ya mstari wenyewe, na watu wake hawakuulizwa. Malori ya Kenya yaliyokuwa yakipeleka bidhaa Zambia kwa kupitia kwetu yalikosa njia. Huku Ngorongoro watu walipigwa kwa namna nyingine. Kabla ya hapo mtalii alishuka Nairobi, akapita Mara, akaingia Serengeti kwa lango la Bologonja, akaja kuitazama kreta, kisha akarudi Kenya. Gari lilikuwa la Kenya, dereva wa Kenya, na faida kubwa ilibaki Kenya. Hilo ndilo lililowaudhi wakubwa wetu, nao hawakukosea hesabu. Walitumaini kwamba mgeni akizuiwa Nairobi atashuka katika uwanja wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971. Wengine walikuja, lakini wengi walibaki Kenya wakawatazama simba wa huko. Hoteli za ukingoni mwa kreta zikakosa wageni, na mfanyakazi wa hoteli asiye na mgeni hana kazi.

Na wafanyakazi wa Jumuiya yenyewe, ndugu msomaji, tusiwasahau. Walikuwa makuli wa bandari, mafundi wa reli, makarani wa posta, wengi wao wanachama wa chama hiki. Mafao yao yaliingia katika ugomvi wa mirathi. Baada ya mwaka 2000 wazee hao walikuwa bado wakikusanyika Dar es Salaam kudai haki zao, na wengine walikufa wakidai.

Hali ilikuwa hiyo, njia imefungwa mwaka wa sita, ilipofika Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982.

Alfajiri ya siku hiyo askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Anga la Kenya waliteka kambi ya Eastleigh na kituo cha redio cha Sauti ya Kenya, wakatangaza kwamba serikali ya Rais Moi imeangushwa. Aliyejiita mwenyekiti wa baraza la kuwakomboa wananchi alikuwa Hezekiah Ochuka, kijana ambaye cheo chake jeshini kilikuwa cha pili kutoka chini. Utawala wake haukumaliza siku. Jeshi la nchi kavu lilikirudisha kituo cha redio, na Nairobi ikabaki na maiti barabarani, maduka yaliyovunjwa, na wanawake waliofanyiwa unyama majumbani mwao. Alipoona mambo yamekwisha, Ochuka na mwenzake, Sajini Pancras Oteyo Okumu, walichukua ndege ya jeshi aina ya Buffalo, wakawalazimisha marubani kwa bunduki, wakaja Tanzania.

Hapa hatutaki kuzungukazunguka. Kuingia kule hakukuwa halali hata kidogo. Mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, yanayotawala safari za anga ulimwenguni, yasema wazi kwamba ndege ya jeshi haipiti juu ya nchi nyingine bila idhini ya nchi hiyo. Waliokuwa ndani walikuwa watumishi wa serikali ya Kenya, wamevaa nguo za serikali ya Kenya, wamenyang'anya chombo cha serikali ya Kenya. Lau mchungaji wa Loliondo angalivuka na ng'ombe 10 siku ile, wakati mpaka umefungwa, angalikamatwa kabla ya jua kutua.

Ochuka na Okumu walipewa hifadhi. (Kiswahili chetu kina mambo yake: neno ni lile lile liitwalo ardhi ya Ngorongoro, ambamo mnyama huhifadhiwa na Mmasai huhesabiwa.)

Je, Tanzania ilikosa kuwapokea? Wako wasemao ndiyo, na hoja yao si nyepesi. Ndugu zetu wa Nairobi walikuwa wakizika, na aliyeianzisha balaa ile alikuwa salama kwetu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, uliofanywa mwaka 1969, hauwakingi watu wote. Yule aliyefanya uhalifu mkubwa usio wa kisiasa kabla ya kupokelewa ametolewa nje ya mlango. Kunyang'anya ndege kwa bunduki kwaweza kuingia humo. Lakini mkataba huo huo wasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, wala nchi nyingine isilihesabu kuwa uadui. Tena wasema asirudishwe mtu mahali ambapo uhai wake utakuwa hatarini. Na uhai wa Ochuka akirudi, kila mtu alijua thamani yake.

Tanzania haikuwa mgeni katika mambo haya. Ilikuwa imewapokea wapiganaji wa Msumbiji, wa Afrika Kusini, wa Zimbabwe, na makundi ya watu kutoka Rwanda na Burundi. Mwaka 1980 iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 kwa mara moja, jambo ambalo mataifa matajiri mpaka leo hulisoma kwa mshangao. Na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen, ambayo Umoja wa Mataifa huwapa waliowatendea wema wakimbizi.

Mwaka 1983, ndugu msomaji. Uweke mwaka huo kichwani.

Kwa kuwa Januari ya mwaka huo huo serikali yetu nayo ilikamata askari na raia kadhaa, ikawashtaki kwamba walikula njama ya kuipindua. Katikati ya mwaka wawili wa watuhumiwa hao, Hatty McGhee na Pius Lugangira, walitoroka mahabusu. Nao walikwenda wapi? Kenya. Sasa mizani ikawa sawa: Nairobi ilikuwa na watu tunaowataka, Dar es Salaam ilikuwa na watu wanaowataka. Aliyekuwa akihubiri haki ya kupokea mkimbizi akageuka akadai arudishiwe mtoro, na aliyekuwa akidai mtoro akajikuta anahifadhi.

Wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yakilainika. Waziri Charles Njonjo, ambaye hakuwa rafiki wa Jumuiya, aliondoka katika serikali ya Kenya. Mswisi mmoja, Balozi Victor Umbricht, alikuwa amekwisha miaka mingi akihesabu reli na meli na majengo ya marehemu Jumuiya, apate kuwagawia warithi. Nchi zote tatu zilikuwa zimechoka na hazina fedha, na uchovu nao ni mpatanishi. Mwezi Novemba 1983 Marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha. Wakapatana juu ya mali: Kenya sehemu 42 katika 100, Tanzania 32, Uganda 26, mkataba wenyewe ukatiwa sahihi Mei 1984. Na mpaka ukafunguliwa.

Mwezi ule ule, kimya kimya, watu wakabadilishwa. Ochuka na Okumu wakarudishwa Kenya. McGhee na Lugangira wakarudishwa Tanzania.

Hatusemi kwamba watu hao wanne ndio waliokuwa ufunguo wa Namanga. Mali ya Jumuiya ilikuwa mzigo mkubwa kuliko wao, na pengine njia ingefunguliwa hata kama ndege ile isingefika. Twasema kwamba viongozi wenyewe walionyesha, kwa kuyafanya yote mawili katika majuma yale yale, kwamba waliyaona kuwa biashara moja. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa habari ya Esau, aliyeuza urithi wake kwa bakuli la dengu. Hatukufundishwa habari ya mtu auzaye mgeni wake.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wenzetu wengi waliosifu mapatano yale kwa ukamilifu. Tungaliweza kuwakatalia Ochuka na Okumu siku ya kwanza. Tungaliweza kusema: mmekuja kwa ndege ya wizi, mmeiacha damu nyuma yenu, tutawafikisha mbele ya hakimu aamue kama ninyi ni wakimbizi au wahalifu. Hakuna ambaye angalitulaumu kwa haki. Vile vile tungaliweza kuwapokea na kusimama juu ya neno letu, hata Kenya ikasirike mwaka baada ya mwaka. Tulichofanya ni kuwapokea, tukakaa nao zaidi ya mwaka mzima, kisha tukawatoa siku tulipohitaji kitu. Hifadhi ya namna hiyo si hifadhi. Ni zizi la kunenepeshea.

Yasemwa kwamba serikali hazina budi kufanya mambo kama hayo, na kwamba sisi waandishi, tusio na mpaka wa kulinda, twaona urahisi wa kuhukumu. Tumelipokea neno hilo, lina uzito wake. Njia ya Namanga ilipofunguka watu walikula. Malori yalipita, ndugu walizikana, na watalii walianza kurudi pole pole Ngorongoro. Aliyekuwa na duka Namanga mwaka 1983 hakuuliza Ochuka yuko wapi, wala hatumlaumu.

Lakini tuangalie mwisho wao. Ochuka na Okumu walihukumiwa na mahakama ya kijeshi, wakanyongwa katika gereza la Kamiti mwezi Julai 1987. Tangu mwaka huo Kenya haijamnyonga mtu mwingine. Huku kwetu, Desemba 1985, watu tisa walihukumiwa kifungo cha maisha kwa njama ile ya 1983, na mwaka 1995 Rais Mwinyi akawasamehe wakatoka. Twashukuru kwamba Tanzania haikuwanyonga watu wake. Ila jambo moja hatuwezi kulipita: tulipowatia wale wawili mikononi mwa Kenya tulijua wanakwenda kwenye kamba.

Serikali zikavukiana, zikakasirikiana, zikabadilishana watu, zikapatana. Mchungaji je?

Mwaka 1999 Jumuiya mpya ilizaliwa Arusha, mji ule ule. Mwaka 2010 soko la pamoja likaanza, na Desemba 2018 Rais Magufuli na Rais Uhuru Kenyatta wakafungua Namanga kituo kimoja cha forodha cha nchi zote mbili. Hayo yote ni mema, na mkongwe aliyeiona Namanga ya 1977 angedhani anaota. Lakini mwezi Oktoba 2017, kabla kituo hicho hakijafunguliwa, ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya, walioingia Tanzania kutafuta majani, walikamatwa na kupigwa mnada. Mwisho wa mwezi huo vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya bila kibali walichomwa moto Namanga. Sheria ilifuatwa, tuliambiwa, na Tanzania si malisho ya majirani. Kenya ilitoa malalamiko yake. Ng'ombe hawakurudi.

Hatutetei magendo, wala hatusemi kila mwenye kundi aingie apendavyo; majani ya Loliondo hayawatoshi hata wa Loliondo. Twaweka tu mambo mawili mezani. Aliyekuja kwa ndege ya jeshi na bunduki alikaa mwaka mmoja na zaidi huku serikali mbili zikimjadili. Aliyekuja na fimbo, akifuata mvua, hakujadiliwa. Wote wawili walivunja sheria, na wa kwanza ndiye aliyeijua vizuri zaidi.

Twapendekeza basi kwamba Jumuiya hii mpya, ambayo ina bunge lake na mahakama yake mjini Arusha, ilitengeneze jambo ambalo Jumuiya ya kwanza haikulitengeneza. Askari, polisi, afisa wa usalama au mkuu yeyote wa nchi mwanachama akikutwa upande wa pili bila ruhusa, habari zake zitangazwe, asikilizwe mbele ya mahakama ya wazi, na asikabidhiwe gizani kwa mkono wa watu wasio na majina. Mfugaji naye awe na baraza la mpakani la kumsikiliza kabla mali yake haijafika mnadani, pamoja na wazee wa pande zote mbili, ambao wamekuwa wakipatana juu ya maji na majani kabla Mwingereza na Mjerumani hawajashika kalamu. Na Novemba 2024 ilitukumbusha kwamba habari hii haijazeeka, pale Kizza Besigye wa Uganda alipochukuliwa Nairobi, na baada ya siku chache akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala.

Lango la Bologonja, ambako magari ya watalii yalipita kutoka Mara kuingia Serengeti kabla ya Februari 1977, halikufunguliwa pamoja na Namanga. Miaka 40 baada ya mkutano wa Arusha lilikuwa bado limefungwa kwa watalii, na dereva aliyetaka kutoka upande mmoja wa nyika ile kwenda wa pili alilazimika kuzunguka kwa Sirari au kwa Namanga, mwendo wa siku nzima. Nyumbu peke yao ndio waliendelea kupita hapo, zaidi ya milioni moja kila mwaka, na mvua zikianza hurudi kusini mpaka nyika za karibu na Kakesio, ambako mchungaji huwaondoa ng'ombe wake kuwapisha, kwa kuogopa ugonjwa wa ndama wao.